Rais ama waziri mkuu: swali ni nani anaweza kumtoa

1/ Kila mjadala wa kubadilisha katiba ukianza, utasikia: "Turudishe waziri mkuu!" Nasoma sayansi ya siasa, na naona tunabishania cheo. Hebu tuulize: kiongozi akiharibu, nani anamtoa?

2/ Kenya tunamchagua rais wenyewe. Anahitaji zaidi ya nusu ya kura, na angalau asilimia 25 katika kaunti 24 kati ya 47. Kumng'atua ni kazi: thuluthi mbili ya wabunge, kisha thuluthi mbili ya maseneta, na lazima kuwe na kosa zito. "Tumemchoka" haitoshi.

3/ Uingereza unachagua mbunge wako tu. Waziri mkuu anategemea wabunge, wakimwacha, ameenda. Mwaka 2022 walikuwa na mawaziri wakuu watatu bila uchaguzi mkuu hata mmoja.

4/ Afrika Kusini wako na "rais", lakini anachaguliwa na wabunge. Zaidi ya nusu yao wakikosa imani naye, anaondoka na mawaziri wake wote. Umeona? Cheo si hoja.

5/ Ujerumani nao wanazuia vurugu: wabunge hawamtoi kansela mpaka wamchague wa kumrithi hapo hapo.

6/ Sasa shida iko hapa. Mfumo wa bunge unaweka kura yako mikononi mwa mbunge wako. Kwa hivyo mtu akikuahidi waziri mkuu, muulize: huyu mbunge wangu ataweza kumwambia "hapana"?

Wewe wako angeweza?