Chombo cha kuanzia chachu: usifanye kosa nililofanya mimi

Mimi nina duka dogo hapa Arash, Loliondo. Leo naongelea kitu kilichonipotezea mteja.

Huku pombe ya asali ni ya sherehe. Wazee huitia mizizi ya osuguroi, ila siku hizi wengine wanaanzia na hamira ya dukani. Mwaka jana yeyo mmoja alikuja kuulizia chombo cha kuumulia chachu kabla ya kuimimina kwenye pombe. Nikamuuzia dumu la lita 5 lenye mdomo mwembamba, nikamwambia, "Yeyo, kaza mfuniko vizuri."

Usiku dumu likavimba, likapasuka. Chachu na asali yote chini, na sherehe imebaki siku tatu. Alirudi akaniuliza, "Kijana wangu, ulikuwa unajua, au ulikuwa unauza tu?" Nikarudisha hela ya dumu, nikalipa na asali. Faida ya wiki nzima ikaenda.

Nikaanza kuulizia wanaojua. Haya ndiyo niliyopata:

1. Chachu inatoa hewa. Mfuniko ulegee, au funika kwa kitambaa safi.

2. Mdomo uwe mpana, mkono uingie kusugua. Uchafu ukibaki, pombe inageuka siki.

3. Acha nafasi ya povu. Maji ya asali lita 1, chombo lita 2.

4. Ndoo ya bati na sufuria ya alumini hazifai, uchachu unazila. Kioo ni kizuri, unaona povu, ila ukikimiminia maji ya moto ghafla kinapasuka. Plastiki iwe ya chakula, na ukigeuza chini iwe na pembetatu yenye namba 2 au 5. Dumu lililobeba dawa ya mifugo au mafuta ya taa, hapana kabisa.

5. Maji yawe vuguvugu. Yakiunguza kidole yanaua chachu. Usiku kuna baridi, basi kiwekwe karibu na jiko, sio juu yake.

Na anayetengeneza ya kuuza, mkumbushe leseni.

Sasa naweka ndoo ndogo za plastiki zenye mdomo mpana, na kila mteja namuuliza kwanza: unaenda kuwekea nini?

Yule yeyo bado hajarudi. Ila juzi alimtuma binti yake sukari kilo moja. Nikaipima vizuri.

Wewe je, ulishampoteza mteja kwa ushauri mbovu? Tuambie hapo chini.