Kujifunza Gita Ukubwani: Ari, Mazoezi na Afya ya Mikono

Samaki mkunje angali mbichi, husema wahenga, na methali hiyo imewakatisha tamaa watu wazima wengi wanaotamani ufundi mpya. Mikoani Shinyanga na Geita, ambako kwaya za makanisa zimewazoesha watu sauti ya gita, wapo wanaoanza kujifunza wakiwa na miaka thelathini, arobaini au zaidi, kisha wakaliacha gita ukutani baada ya miezi michache. Makala haya yanaeleza kwa nini ari hufifia, namna ya kuilinda, na wakati ambapo uzito wa vidole si ukosefu wa ari bali ni dalili ya ugonjwa. Jambo hili la mwisho lina uzito wa pekee katika ukanda wa dhahabu.

Ubongo wa mtu mzima bado hujifunza

Mwaka 1995, Thomas Elbert na wenzake walionyesha kwamba kwa wapigaji wa ala za nyuzi, sehemu ya ubongo inayopokea hisia za vidole vya mkono wa kushoto ilikuwa kubwa kuliko ya watu wasiopiga ala. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa walioanza utotoni. Kuanza mapema kuna faida, lakini uwezo wa ubongo kujipanga upya haukomi utotoni. Mgonjwa wa kiharusi mwenye miaka sitini anayejifunza upya kushika kikombe ni ushahidi tunaouona wodini.

Tatizo la mtu mzima ni kwamba sikio lake limekomaa kabla ya vidole vyake. Anajua wimbo unavyopaswa kusikika, hivyo husikia kila kosa lake. Aidha, ncha za vidole huuma katika wiki za mwanzo, mpaka ngozi ifanye sugu. Anayeyajua haya mapema hatayachukua kuwa ishara ya kutokuwa na kipaji.

Namna ya kulinda ari

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wanaeleza kwamba ari ya kudumu hulishwa na mambo matatu: kujiamulia, kuona kwamba unaweza, na kuwa pamoja na wengine.

Kwanza, chagua mwenyewe wimbo unaoupenda, hata kama ni mwepisi. Pili, weka lengo dogo linalopimika, kama vile kuhamisha vidole kutoka mkao mmoja hadi mwingine bila kusita. Jirekodi kwa simu kila wiki, kisha ulinganishe na rekodi ya mwezi uliopita, wala usijilinganishe na mpigaji mahiri. Tatu, tafuta wenzako. Wasukuma wanalijua jambo hili tangu zamani: vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimeshindana kwa vizazi baada ya mavuno, na mchezaji hufanya mazoezi kwa kuwa kundi lake linamtegemea.

Dakika kumi na tano kila siku hufaa kuliko saa mbili za Jumapili peke yake. Katika utafiti wa Phillippa Lally na wenzake jijini London, uliohusu watu 96 na tabia nyepesi kama kunywa maji au kula tunda, muda wa tabia kuzoeleka ulitofautiana kutoka siku 18 hadi 254, thamani ya kati ikiwa siku 66. Kukosa siku moja hakukuharibu kazi. Mfanyakazi wa zamu mgodini na afungamanishe mazoezi na tukio, kwa mfano baada ya kuoga atokapo kazini, badala ya saa maalumu. Asipuuze usingizi pia, kwani ubongo huimarisha mafunzo ya vidole mtu anapolala.

Vidole vinapokataa kwa sababu ya ugonjwa

Wachimbaji wadogo wengi hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma. Mvuke wake ukivutwa hufika kwenye ubongo na huweza kusababisha mikono kutetemeka, hasira za haraka, usahaulifu na kukosa usingizi. Mashine za kutoboa miamba nazo, kwa mtikisiko wake wa miaka mingi, hudhuru neva na mishipa ya damu ya vidole. Kisukari na ukoma pia huleta ganzi.

Kwa hiyo, fika kituo cha afya ukiona mojawapo ya haya: mkono unatetemeka unapofikia kitu, ganzi inadumu hata siku ambazo hukugusa gita, au inakuamsha usiku, vidole vinapoteza nguvu, au kuna baka la ngozi lisilohisi.

Mhudumu wa afya akiambiwa, "vidole vyangu vimekuwa vizito, nadhani ni uzee", asiishie kumtia moyo mgonjwa. Aulize anafanya kazi gani, amegusa zebaki kwa muda gani, na kama huchomwa nyumbani karibu na watoto au mjamzito. Ampime hisia, nguvu na mtetemeko wa mikono. Hatua ya kwanza ya tiba ya zebaki ni kuondokana na mvuke wake, na dalili zikigunduliwa mapema huweza kupungua.

Mikono ikiwa salama, kilichobaki ni subira. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.