Bastola ya mwanajeshi ni kama kipa wa akiba

Unamkumbuka Tim Krul? Ilikuwa Julai 5, 2014, robo fainali ya Kombe la Dunia mjini Salvador, Brazil. Uholanzi na Costa Rica hakuna mbabe, dakika ya 120, kocha Louis van Gaal anamtoa kipa Jasper Cillessen na kumwingiza Krul kwa ajili ya matuta. Jamaa akapangua mbili, Uholanzi ikatinga nusu fainali. Kabla ya hapo alikuwa hajagusa mpira kwenye fainali zile.

Maisha ya bastola jeshini ndiyo hayo hayo. Kazi kubwa inafanywa na bunduki. Bastola inakaa kiunoni miezi na miezi, ikisubiri siku bunduki itakapokwama au kuishiwa risasi. Ikiitwa, hakuna mechi ya marudiano. Ndiyo maana wanajeshi wastaafu wa Marekani wakikaa pamoja, ubishi wa bastola ipi bora huwa mkali kama wa Simba na Yanga.

Wazee wa Vietnam wengi ni mashabiki wa M1911, kazi ya fundi John Browning. Kwenye majaribio ya mwaka 1911 ilipiga risasi 6,000 bila kukwama hata mara moja, ikapewa namba. Ikacheza vita kuu mbili, Korea na Vietnam, na haikung'olewa kikosi cha kwanza hadi 1985. Wazee wanaipendea risasi yake nene ya milimita 11.4. Shida ni kwamba magazini inabeba risasi saba tu, na yenyewe ina uzito wa zaidi ya kilo moja.

Aliyeichukulia namba ni Mtaliano, Beretta M9, mwenye risasi za milimita 9, tena 15 kwa magazini. Hapo ndipo wakongwe wa Iraq wanapogawanyika. Wapo wanaoisifu kwa utulivu mkononi, wapo waliorudi wakilalamika kwamba inakwama. Kumbe lawama nyingi hazikuwa zake. Baadhi ya magazini zilizonunuliwa zilipakwa rangi nzito ya kukwaruza, mchanga laini wa jangwani ukinasa humo risasi hazipandi. Straika anazomewa, kumbe pasi hazifiki!

Mwaka 2017 usajili ukafunguliwa tena. SIG Sauer ikashinda kwa bastola ya M17, mkataba wa hadi dola milioni 580. Glock, waliokuwa wapinzani wao, wakakata rufaa, ikatupwa. Lakini usiwaambie polisi wastaafu kwamba Glock ilishindwa. Bastola hiyo ya Austria, iliyoanza na jeshi la kwao mwaka 1982, ndiyo wengi wao walitembea nayo kazini. Ni nyepesi na haina mambo mengi.

Sasa nani mkweli? Nenda Camp Perry, jimbo la Ohio, kando ya Ziwa Erie, ambako kila kiangazi hupigwa mashindano ya taifa ya shabaha. Kwenye mechi ya bastola za jeshi, mchezaji anapiga risasi 30: kumi taratibu kutoka yadi 50, na 20 kutoka yadi 25 huku saa ikimkimbiza. Alama kamili ni 300. Pale M1911 na M9 zinaruhusiwa zote, na wazee bado wanatua na M1911 zao, muundo wenye zaidi ya miaka 100.

Ukiwasikiliza vizuri, kila mmoja anaitetea ile aliyoifanyia mazoezi mpaka akazijua kasoro zake gizani. Krul naye hakuingia kubahatisha. Alishawasoma wapigaji wa Costa Rica akiwa bado benchi.