Kinamasi nyuma ya nyumba, na mashine ya nyasi imepumzika

MINNESOTA, Marekani – Jumamosi za ughaibuni zina kelele yake: mashine za kukata nyasi. Wengi wetu tunatoka zamu ya usiku na kabla ya kulala tunasukuma mashine, tukihofia barua ya mji na faini.

Sisi tunaokaa kando ya kinamasi tumeipunguza kazi hiyo. Karibu na nyumba tumebakiza ukoka kidogo wa watoto kuchezea mpira. Kutoka hapo hadi kwenye matete tumeng'oa ukoka na kupanda mimea ya asili ya jimbo hili. Mkubwa wao ni milkwidi, wenye utomvu mweupe kama wa mnyaa. Kipepeo wa monaki, yule wa rangi ya machungwa anayeruka hadi Meksiko kukwepa baridi, hutaga hapo, na viwavi wake hawali kitu kingine.

Mimea hii ikishashika mizizi haitaki mbolea, na huchipua yenyewe kila mwaka. Mbolea yenyewe ikisombwa na mvua huingia kinamasini na kuotesha mwani. Mabua makavu tunayaacha hadi majira ya kuchipua, kwani nyuki wengine hulala humo.

Na ile barua? Tangu mwaka 2023 sheria ya jimbo inailazimu miji kuruhusu bustani ya asili inayotunzwa, hata ikizidi inchi 8. Shika neno "inayotunzwa": kuacha magugu yajiotee si bustani, na mji una haki ya kukuandikia. Kabla ya hapo, mwaka 2019, Bunge la jimbo lilitenga fedha za mpango wa Lawns to Legumes, unaowarudishia wakazi sehemu ya gharama za kupanda maua ya nyuki.

Shangazi akija kutoka nyumbani huuliza kwanza: nyoka je? Wapo, wadogo, hawana sumu. Wenye sumu hukaa kwenye majabali ya kusini-mashariki mwa jimbo. Mbu wapo pia, ila kerengende wanawala, na ndoo zenye maji tunazifunika.

Tunachokiogopa kweli ni kupe, maana huku huambukiza ugonjwa wa Lyme. Kwa hiyo njia ya kwenda majini tunaikata fupi, suruali tunazichomeka ndani ya soksi, na jioni watoto hukaguliwa nyuma ya masikio na magoti kabla ya kuoga.