Kifusi cha Barabara: Kabla Hujaruhusu Tipa Limwage Shambani Kwako

Siku hizi simu ninazopigiwa kutoka Kisaki na Mvuha haziulizi sana viwavijeshi wala bei ya ufuta. Zinauliza kifusi. "Bwana shamba, foromani anasema atanimwagia udongo bure kwenye jaruba, nikubali?"

Jibu langu la kwanza huwa ni swali: huo udongo umetoka tabaka gani?

Mashine ikikata barabara, inaanza kukwangua tabaka la juu, sentimita 15 hadi 30 hivi, lenye mizizi, mboji na wadudu. Chini yake ndipo unakuja udongo mwekundu au wa njano, mgumu, hauna mboji. Kwa mhandisi, lile la juu ni uchafu maana linabonyea. Anatafuta udongo unaobeba mzigo, ule utakaosikia wanauita G7 au G15, na namba hizo zinaonyesha nguvu yake. Sisi tunataka kinyume chake. Udongo mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, kwao ni janga na wanautupa. Kwa mkulima wa mpunga ni mali, maana unashika maji.

Kwa hiyo neno "kifusi" halikwambii chochote. Ndani ya siku moja tipa lile lile linaweza kubeba dhahabu asubuhi na tope la kuua shamba mchana.

Wazee wa Matombo wanalijua hili kuliko mimi. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Nia kwenye karatasi ilikuwa nzuri, lakini kwenye miteremko yenye udongo mwembamba uchimbaji ulifukia tabaka la juu na kuleta la chini juu, na mazao yakawa duni. Mwaka 1955 Matombo ikawaka vurugu. Sababu zilikuwa nyingi, siasa na kazi ya lazima zikiwemo, ila huwezi kumshawishi mtu apende tuta ambalo mahindi yake hayarefuki.

Sasa nikupe mfano wa karibu. Kijana mmoja hapa Kisaki amekodi ekari moja ya mpunga, sehemu yenye bondeko linalotuamisha maji. Akaahidiwa matipa 40 ya udongo mwekundu. Tukapiga hesabu pamoja: ekari ni kama mita za mraba 4,047, kwa hiyo tabaka la sentimita 10 tu ni mita za ujazo zaidi ya 400. Tipa la mita za ujazo 10 linakwenda mara 40. Yaani alikuwa anafukia jaruba zima kwa kina cha kiganja. Kumwaga ni kazi ya siku mbili. Kuuondoa, nani atalipia dizeli?

Nikamwambia tujaribu kwanza. Makopo sita, matatu udongo wake, matatu ule mwekundu, punje tano za mahindi kila kopo, maji sawasawa, bila mbolea. Baada ya wiki tatu mahindi ya udongo mwekundu yalikuwa mafupi na majani yana rangi ya zambarau pembeni, dalili ya kukosa fosforasi. Udongo mwekundu wa milimani mara nyingi una tindikali, na fosforasi unayoweka unaing'ang'ania. Hakuhitaji nimhubirie.

Akabadilisha maombi. Alichukua udongo mweusi wa mbuga akanyanyulia kingo za majaruba, na matipa machache ya moramu akatengenezea njia ya kuingia shambani ili pikipiki ya kubeba magunia isizame. Mwenzake wa mlimani aliomba mawe, akayapanga kufuata kontua chini ya migomba. Hayo ndiyo matumizi. Ukipata tabaka la juu lenyewe, hapo chukua bila kusita. Lilundike lisizidi mita 2 kwenda juu, na kama halitatumika haraka, otesha marejea au fiwi juu yake lisichukuliwe na mvua.

Tuje kwenye sheria, maana hapa vijana mnaingia kichwa kichwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu au zenye kuathiri uhifadhi ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kama shamba lako linapakana na Mto Mgeta, kujaza kifusi ukingoni ni kosa, hata kama foromani amekuhakikishia "hamna shida". Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za 2005, zilizorekebishwa 2018, zinaufanya mradi uwe na mpango wa mazingira, na kifusi kinatakiwa kionekane humo kinakwenda wapi. Uliza kama eneo lako limeingizwa. Mambo ya mdomo barabarani yanaisha siku mkandarasi anapohamisha mitambo.

Andikeni karatasi: aina ya udongo, idadi ya matipa, nani anasawazisha, nani anaondoa kisichofaa. Mwenye shamba asaini (wewe umekodi tu, usijisahau), na ofisi ya kijiji ipate nakala. Jirani wa chini naye aulizwe, kwa sababu ukinyanyua jaruba lako maji yanakwenda kwake.

Kuuza ni habari nyingine. Moramu, mchanga na kokoto vinahesabiwa madini ya ujenzi chini ya Sheria ya Madini ya 2010. Kabla hujaanza kupanga matipa kama dili, pita ofisi ya madini ya mkoa uulize leseni. Na kilichomwagwa ndani ya hifadhi ya barabara, mita 30 kila upande kutoka katikati kwa barabara kuu na za mkoa, si chako kukichota.

Vitu vitatu usipokee hata kwa soda: vipande vya lami ya zamani, udongo uliochanganywa saruji au chokaa ya barabara, na udongo wenye harufu ya dizeli au oili chafu. Huo wa oili unaangukia kanuni za taka hatarishi za 2021, na mwenye mitambo ndiye anayepaswa kuushughulikia.

Kwa wale mlio na ahadi ya matipa mwezi huu: njooni ofisini na kilo moja ya udongo mnaoahidiwa na kilo moja ya udongo wa shamba lenu, kila mmoja kwenye mfuko wake safi, usiwe mfuko wa mbolea. Nitaupima tindikali kwa kifaa nilichonacho, na ukileta utata tutaupeleka maabara ya udongo pale SUA. Makopo ya mahindi anzeni leo nyumbani, msinisubiri.