Siku Nne Kule Lubumbashi: Namna ya Kupanga Safari ya Darasa



Wengi wametuuliza namna gani sisi wa darasa la tano tulipanga safari yetu ya Lubumbashi, na namna gani sisi wote ishirini na wanne tulikwenda, hata mmoja hakubaki. Tunajibu hapa, ili darasa litakalokwenda mwaka ujao lisirudie makosa yetu.

1. Siku gani

Katika mwaka shule ina nafasi mbili nzuri. Ya kwanza ni tarehe 16 na 17 Januari, siku za kuwakumbuka Laurent-Désiré Kabila na Patrice Lumumba. Ya pili ni tarehe 30 Aprili, siku ya ualimu, inayofuatwa na 1 Mei, siku ya kazi. Zikianguka karibu na siku ya posho na siku ya yenga, mnapata siku tatu ao nne bila kuvunja masomo.

Tazameni kalenda kwanza, kisha fikirini mvua. Januari njia ya udongo kutoka kwetu ni matope matupu. Lakini kando ya lami, katika zile kilometa 120 hivi kati ya Likasi na Lubumbashi, akina mama wanauza uyoga kwa ndoo, na mwezi wa tano hamtauona tena. Mwisho wa Aprili mvua inaisha, njia inakauka, na mahindi mapya, karanga na viazi vitamu vinajaa sokoni. Sisi tulichagua Aprili juu ya njia.

2. Pesa

Hapa ndipo safari nyingi zinakufa. Tulipokuwa darasa la tatu tulisema: kila mtu alete kiasi hiki. Siku ya kuondoka, tisa walibaki. Mmoja alisema ana homa, mwingine alisema anakwenda shamba. Tulisadiki, kwa sababu ilikuwa vyepesi kusadiki. Na sisi tuliokwenda tulimaliza pesa usiku wa kwanza katikati ya mji, juu ya chipsi na soseji, tukarudi na njaa. Mmoja wa wale tisa alituuliza: "Kule mulikula nini?" Hakuna aliyejua kumjibu vizuri.

Safari hii kila mmoja aliandika kwenye karatasi, bila jina, pesa anayoweza kweli. Katibu alizifungua mbele ya mwalimu. Tulichukua karatasi yenye pesa kidogo kuliko zote, na hiyo ikawa malipo ya kila mtu. Aliyekuwa na zaidi alitia katika sanduku, tena bila jina. Yaliyopungua tuliyatafuta kwa mikono: siku tatu za posho tulilima mashamba ya walimu.

Pesa yote tuliigawanya katika mafungu matatu: njia, chakula na akiba. Akiba ni ya ugonjwa na ya gari kuharibika. Haina ya soda. Malalo hatukulipa. Tulilala kwa ndugu na jamaa, wawili wawili, na kila mmoja alibeba unga na karanga kutoka nyumbani. Usiende kwa mjomba mikono mitupu, na umpashe habari mapema.

3. Swali moja

Mwalimu wetu alisema: "Mutu akienda ku mji bila swali, anarudia na uchovu tu." Basi tulichagua swali moja la siku zote nne: Kitu hiki kinatoka wapi? Kuuliza hakuna bei, na mwenye pesa kidogo anauliza sawasawa na mwenye pesa nyingi.

Tulianza kuuliza hata kabla ya kufika. Tulipopita Likasi tulikumbushana kwamba ni hapa, wakati mji ukiitwa Jadotville, Hugh Tracey alipomrekodi Mwenda Jean-Bosco mwaka 1952. Wimbo wake "Masanga" ulisikiwa mbali sana na Katanga, na wapiga gitaa wa nchi nyingine walijifunza vidole vyake. Mwenda alikuwa mwana wa Bunkeya, akafa mwaka 1990. Mmoja wetu alisema: "Kumbe kabla ya kufika ku mji mukubwa tumekwisha kuacha kitu nyuma."

4. Jumba la makumbusho

Siku ya pili tulikwenda kwenye jumba la makumbusho la taifa. Pelekeni barua mapema, mwombe mtu wa kuwaelezea, maana kupita mbele ya vioo bila maelezo ni kupoteza siku. Sisi tulitafuta misalaba ya shaba. Misalaba hii haina ya dini. Mababu waliiyeyusha katika nchi yetu kabla ya kampuni yoyote kufika, na mingine ilizikwa pamoja na wafu. Katika makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, yaliyochimbuliwa mwaka 1957 na 1958, ilionekana pamoja na vyungu vizuri sana. Misalaba ya zamani ni mikubwa. Baadaye ikawa midogo na kufanana, na hapo wataalamu wanatambua kwamba ilikuwa pesa. Basi mukuba ulikuwa na bei hapa zamani sana. Bomba kubwa linaloonekana juu ya mji ni la kiwanda kilichoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911 tu.

5. Soko, siku ya posho

Siku ya tatu tulikwenda sokoni, kule Kenya. Ilikuwa siku ya posho, na hata jina hili lina jibu ndani yake. Posho ni chakula ambacho kampuni, kama Union Minière, iligawia wafanyakazi wake kila juma. Mbele ya hapo bababu wengi walisonga bukari ya mtama, ya uwele ao ya muhogo. Unga wa mahindi ulipata nguvu pamoja na posho. Kampuni haigawi tena posho ile, lakini siku ingali na jina lake, na bukari ingali kwenye meza.

Tulipanga kununua vitu ambavyo hatuli kila siku, kila kimoja kidogo, na kugawana. Tulionja chikanda: viazi vidogo vya maua ya mbuga, vinakaushwa, vinatwangwa, vinachanganywa na unga wa karanga na pilipili, vinapikwa mpaka vinashikamana na kukatwa vipande kama nyama. Mama muuzaji alisema siku hizi wanavichimba mbali zaidi, kwani anayechimba hapandi. Tulikunywa munkoyo, unga wa mahindi uliopikwa na kutiwa mizizi ya porini. Unyweni siku ile ile, ungali mtamu. Ukilala unachacha, na hiyo si ya wanafunzi.

Mwishoni tulitafuta samaki wa kula na bukari ya jioni. Tukauliza swali letu: "Mama, hii samaki inatoka wapi?"

"Inatoka ku Lufira, ku Tshangalele kule. Nyiye munatoka wapi, batoto yangu?"

"Ku Koni, mama."

Alicheka mpaka jirani zake wakageuka. "Basi mumekuja mbali juu ya kula samaki yenu!" Akatuongezea wawili bure.

Tulirudi tukicheka, lakini pia tukifikiri. Ziwa Tshangalele lilitokea kwa sababu ya ukuta wa Mwadingusha, ulioanza kutoa umeme mwaka 1930. Mashine za Koni zilifuata mwaka 1950. Samaki wa mto wetu wanakwenda mjini, na umeme wa mto wetu unakwenda mjini vilevile. Sisi hudhani mji unatulisha na kutuangazia. Tulipouliza, tuliona kwamba njia ile ina pande mbili.

6. Kurudi na kuandika

Siku ya yenga tuliabudu pamoja na jamaa waliotulaza, tukawashukuru, tukarudi. Lakini safari haikuisha. Kila mmoja aliandika nusu ukurasa: kitu kimoja alichokula ao kuona, na mahali kinapotoka.

Msidharau karatasi ndogo kama hizi. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville kwa Swahili ya pale pale, kwa ajili ya chama cha wazee waliokuwa watumishi wa nyumba. Ilikuwa karatasi za kurudufiwa tu, kama hizi zetu. Mwaka 1990 ilitolewa katika kitabu pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na wataalamu wa nchi nyingine wanaisoma mpaka leo.

Kurasa zetu ishirini na nne ziko kwa mwalimu wetu. Mwenye kutaka azisome. Na ukituuliza leo kule tulikula nini, keti kwanza, maana jibu ni refu.

Wanafunzi wa darasa la tano