Kunyimwa nyumba kwa sababu ya kabila: kushitaki ni bei gani?



Tangu Rutshuru-centre na Kiwanja ziingie mikononi mwa M23, mwezi wa 10 mwaka 2022, familia nyingi zilishuka Goma kutafuta nyumba ya kupanga. Katika makanisa yetu tunasikia neno lilelile: chumba kilikuwako, pesa ya garanti ilikuwa tayari, lakini mwenye nyumba aliposikia lugha yao akasema kimekwisha pata mtu. Wanatuuliza: tukishitaki, tutalipa nini?

Tuanze na sheria. Kifungu cha 13 cha Katiba ya 2006 kinakataza kumbagua Mkongomani kwa sababu ya kabila, jamaa alimotoka au mahali anapokaa. Amri-sheria ya tarehe 7 Juni 1966 inaadhibu chuki ya kikabila kwa kifungo cha mwezi 1 mpaka miaka 2. Malalamiko ya namna hiyo hupelekwa kwa parke, na sheria haidai malipo kwa kuyapeleka.

Kama mkataba umekwisha fanyika, sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inataka mpatanishwe kwanza kwa ofisi ya Habitat, ndipo muende kwa tribinali ya amani. Sheria hiyo inasema pia kwamba garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi 3. Kumdai mkimbizi miezi 6 ni kosa. Kwa grefe kuna pesa ya kuweka, lakini mwenye cheti cha umaskini anaweza kuomba asamehewe. Baro nayo ina ofisi ya kuwashauri maskini bure.

Bei kubwa iko kwingine: siku za kazi zinazopotea, usafiri, shahidi anayeogopa, na jina la mgomvi litakalowafuata mpaka nyumba nyingine. Tena, tangu Januari 2025 mahakama za serikali Goma zilisimama. Kwa hiyo tunawashauri: andikeni sasa tarehe, avenue, maneno yaliyosemwa na nani aliyasikia. Karatasi na kalamu hazigharimu sana.

Wenye nyumba wengine wanaketi pamoja nasi Jumapili. Kwao mtume Yakobo alikwisha andika juu ya wanaochagua watu kwa sura zao. Kufungua mlango hakuhitaji hakimu.